Siku nne kutoka Dodoma: Bagamoyo na Mlingotini, au Mji Mkongwe na Jambiani?

Kila sikukuu inapoangukia Ijumaa au Jumatatu, pale ofisini kwetu Mtumba swali huwa lilelile: twende wapi tukaione bahari, na tuone pia kitu cha kukaa moyoni, tusirudi na picha za mchanga peke yake? Nimezipita njia zote mbili ninazozieleza hapa, peke yangu na pamoja na familia, na mara ya mwisho nilikuwa na mama yangu mzazi na watoto wawili. Safari na wazee na watoto ndiyo inayokufundisha kupanga.

Safari ya namna hii ina vipande viwili, mji wenye sanaa na kijiji cha pwani. Kwa anayeanzia Dodoma zipo jozi mbili zinazoingia ndani ya siku nne bila kukimbizana. Ya kwanza ni Bagamoyo na vijiji vya jirani, Kaole na Mlingotini. Ya pili ni Mji Mkongwe wa Unguja na Jambiani, upande wa mashariki ya kisiwa. Nungwi nitaigusa kidogo kwa sababu wengi huiulizia.

Kama unachotafuta ni sanaa bila bahari, usihangaike kwenda mbali. Michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, imo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, na ukitoka Dodoma alfajiri unaiona na kurudi siku hiyohiyo. Inaniuma kwamba wengi wetu tumekula urojo Forodhani, Unguja, kabla hatujakanyaga Kolo.

Njia

Treni ya SGR imebadilisha hesabu yote. Tangu ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma, Julai 2024, safari ya Dar iliyokuwa ikila siku nzima kwa basi sasa ni saa tatu na nusu hadi nne. Nauli ya daraja la kawaida ilianza na shilingi 31,000. Angalia ya sasa kabla hujagawa fedha zako. Kwa anayekwenda Unguja neema yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa stesheni ya Dar na bandari ya boti ziko jirani, bajaji ya dakika chache. Boti ziendazo kasi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi. Ukitoka Dodoma na treni ya asubuhi, alasiri umeshashuka Malindi. Usisahau kitambulisho cha taifa, kwa sababu bila hicho hupati nauli ya mkazi.

Kwa Bagamoyo treni haisaidii kiasi hicho. Ukishuka stesheni ya Dar bado una safari ya kwenda Makumbusho kutafuta basi, halafu kama kilomita 70 zenye foleni ya Tegeta na Bunju. Ukiwa na gari, au mkichangia Noah watu sita au saba, msiingie Dar kabisa. Piteni Morogoro, mkifika Chalinze mkunje kushoto kama mnaokwenda Segera, kisha Msata mshike kulia. Kutoka hapo ni lami ya kilomita 64, mnavuka Ruvu na kuingia Bagamoyo kwa nyuma. Sisi tulitoka Dodoma saa 11 alfajiri, tukala Morogoro, na adhuhuri iliadhiniwa tukiwa tumekaribia mji.

Njia hiyo ni ya kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Ujiji na Tabora ilipita Ugogo, ikawalipa watemi hongo ili ipate maji na ruhusa ya kupita, ikateremkia Mpwapwa, na mwisho wake ulikuwa Bagamoyo. Mtu wa Dodoma anayeshuka kwenda Bagamoyo anafuata njia ambayo mababu zake waliiona ikipita mlangoni.

Mji upi una sanaa zaidi?

Hapa ndipo watu wanapochanganya. Mji Mkongwe ni mji ambao wenyewe ni kazi ya sanaa. Bagamoyo ni mji ambamo sanaa inafundishwa na kufanywa, lakini kuta zake hazikuambii. Ukiingia Bagamoyo ukitarajia uzuri wa vichochoro utavunjika moyo. Mtaa wa India una nyumba zilizobaki nusu, milango michache ya kuchonga, na Boma la Wajerumani la mwaka 1897, lililojengwa wakati makao makuu ya koloni yalikuwa yameshahamia Dar es Salaam tangu 1891. Kanisani, kwenye misheni iliyoanzishwa 1868, kuna makumbusho mazuri na mnara ambamo mwili wa mmisionari David Livingstone ulilala usiku mmoja mwaka 1874 kabla ya kuvushwa. Asubuhi moja inatosha kwa hayo yote.

Uhai wa Bagamoyo uko TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza 1981. Nenda alasiri, siku ya kazi, wanafunzi wakiwa wanafanya mazoezi. Ngoma utazisikia kabla hujaliona geti. Tulipofika tuliomba ruhusa, tukakaribishwa, na chini ya mti alikaa kijana mmoja mwembamba akiupaka utomvu uta wa zeze. Alipoukokota mara ya kwanza, mama yangu, aliyekulia Chamwino, alisimama kama aliyeitwa jina.

"Mbukwa," mama akamsalimu kwa Kigogo.

Kijana akainuka, akaweka zeze chini. "Mbukwa, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani kule kwetu?"

"Mimi Mdigo, bibi, natoka Tanga. Zeze nimefundishwa hapa."

Akakaa, akapiga tena, akaanza kuimba Kigogo chenye lafudhi ya pwani. Mama alikaa naye karibu saa nzima akimrekebisha maneno. Sisi wengine tulikwenda kunywa maji ya madafu tukawaacha.

Hilo halikutokea kwa bahati tu. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo, aliupeleka muziki wa zeze na ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, Bagamoyo, akaufundisha na kuupigia huko, akafariki hukohuko mwaka 2003. Ukoo wake umeendelea nao. Kwa sisi wa Dodoma ule si mji wa kigeni, ni mahali muziki wetu umetunzwa kando ya bahari, pengine vizuri kuliko tulivyoutunza wenyewe. Kuna pia tamasha la kila mwaka la chuo. Ukiweza kulingana nalo, usilikose, ila vyumba huwa haba. Na usiende chuo kikiwa likizo, utakuta uwanja na kuku.

Mji Mkongwe unataka kitu kingine, miguu na muda wa kupotea. Umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000. Usianze na orodha ya majengo. Anza na mlango mmoja. Simama mbele yake uutazame kutoka chini kwenda juu, maana ndivyo fundi alivyoupanga. Kwenye miimo, chini kabisa, mara nyingi utakuta samaki au mawimbi, na kutoka hapo mmea unapanda ukijipinda mpaka juu. Pembeni hupita mnyororo uliochongwa pete baada ya pete. Katikati, pale mbao mbili zinapokutana, kuna mfaa, na mara nyingi ndio uliochongwa kwa subira kuliko vyote. Kizingiti cha juu kikiwa kimenyooka, chenye maandishi au maua yaliyobanana, hiyo ni kazi ya mtindo wa Kiarabu. Kikipinda kama upinde, ni wa Kihindi. Njumu za shaba zilizochongoka ni desturi iliyotoka India. Binti yangu wa miaka tisa alichora milango saba kwenye daftari lake siku moja, na ndiyo zawadi aliyompelekea mwalimu wake.

Usiku, uliza mazoezi ya taarab. Nadi Ikhwan Safaa ni kikundi cha tangu 1905, na Unguja ndiko alikotokea Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyeitoa taarab kwenye majumba ya kifalme na kuiimba kwa Kiswahili cha watu. Kusikia fidla, kanuni na udi chumbani, si jukwaani, ni jambo la kubadilisha mpango wa usiku wako. Mkunazini, kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa, kuna sanamu ya watu watano shimoni na minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Nenda hapo asubuhi mapema kabla ya makundi, na uzungumze na watoto kwanza. Wangu walikuwa na maswali mpaka Jambiani.

Usiifanye Beit el Ajaib kuwa sababu ya safari. Jumba hilo la mwaka 1883 liliporomoka sehemu Desemba 2020. Uliza hali yake ukifika.

Kwa mji peke yake, basi, nasema hivi bila kusitasita: anayependa kutazama aende Mji Mkongwe, anayependa kusikia na kukaa na wasanii aende Bagamoyo.

Kijiji, na jambo la maji

Sisi tunaotoka bara tunapanga safari ya bahari kama tunavyopanga safari ya ziwa, tukidhani maji yatakuwa yanatusubiri. Pwani ya mashariki ya Unguja maji huondoka. Mwaka wa kwanza nilipoipeleka familia Jambiani tulifika usiku, tukaamka kwa furaha, watoto wakavaa nguo za kuogelea, tukatoka nje saa 3 asubuhi. Bahari haikuwepo. Palikuwa na mchanga mweupe, nyasi za bahari, madimbwi, na mbali sana mstari mweupe wa mawimbi kwenye mwamba. Kwa kuwa nilipanga usiku mmoja tu, mchana ule tulipanda gari kurudi mjini. Watoto waliiona bahari ikirudi kupitia kioo cha nyuma.

Kumbe hesabu yake ni rahisi, na kila mzee wa pwani anayo kichwani. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji hutoka mbali na kurudi kwa nguvu. Kwa Unguja, siku za bamvua maji hupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 alasiri. Kati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayatoki mbali wala hayajai sana, na saa zake hugeuka, yanajaa asubuhi. Wenye kalenda ya Kiislamu ukutani wana kila kitu: karibu na tarehe 1 na 15 ni bamvua, karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu. Kabla ya kukata tiketi tazama mwezi, ndipo utazame bei.

Na usidhani bamvua ni hasara. Ndizo siku ambazo kijiji kinaonekana. Asubuhi wanawake hutoka kwenda kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoingia pwani hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980. Vijiti vimesimikwa kwa mistari, kati yake kamba, na kila shada la mwani limefungwa kwa uzi mwembamba. Nilimfuata mwanamke mmoja wa makamo mpaka shambani kwake, maji yakiwa chini ya goti, ya moto kama chai iliyopoa. Vidole vyake vilifunga shada, vikakaza, vikasogea kwenye jingine, na hakuwa anavitazama kabisa. Alinieleza kuwa aina nene yenye bei nzuri siku hizi hufa maji yakipata joto, na kuifuata kwenye kina kirefu kunataka mashua na kujua kuogelea. Nikamwuliza maji yanarudi saa ngapi.

"Mwanangu, leo maji makubwa," akasema. "Ukisikia adhana ya adhuhuri, wewe anza kutoka."

Tulitoka. Alasiri watoto waliogelea palepale tulipokuwa tumetembea.

Jambiani pia utaona makumbi ya nazi yakifukuliwa kwenye mchanga, yaliyozikwa miezi mingi ili yalainike, kisha yakipigwa kwa rungu kupata usumba wa kusokota kamba. Ni kijiji cha watu, chenye shule na misikiti katikati ya nyumba za wageni. Ukipita ndani yake jifunge kanga, salimia wakubwa, na usipige picha ya mtu kabla hujamwomba. Daladala yake ni 309 kutoka mjini. Huchukua saa moja na nusu au zaidi, na jioni sana huikuti.

Nungwi, kwa daladala 116, iko kaskazini na maji yake hayakimbii hivyo, kwa hiyo unaoga karibu saa yoyote. Mafundi wa majahazi bado wanafanya kazi ufukweni. Lakini hoteli ni nyingi na muziki ni wa usiku kucha. Kundi la vijana watafurahi. Mama yangu asingelala.

Mlingotini ni habari nyingine. Ni kijiji cha wavuvi kusini ya Bagamoyo, unafika kwa bodaboda au gari dogo baada ya kupita Kaole, ambako kuna magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo ya tangu karne ya 13. Wanawake wa Mlingotini nao hulima mwani, na ukipata mwenyeji wa kukutembeza kwenye mikoko utajifunza mengi kwa siku moja. Ila niseme wazi, kwa kuoga pwani ya Bagamoyo haishindani na Jambiani. Ruvu huingiza tope baharini, maji ni ya kahawia, hasa baada ya mvua. Watoto wakikuuliza "bahari ya bluu iko wapi," hutakuwa na jibu.

Kinachofidia ni mnada wa samaki Bagamoyo mjini. Ngalawa zinatia nanga, vijana wanabeba ndoo begani, na kabla mchanga haujakauka bei imeshatajwa mara kumi. Sisi tunaokula samaki aliyesafiri na barafu mpaka soko la Majengo, kumwona changu aking'aa, macho bado maangavu, ni somo. Nunua, wapo wa kukaanga hapohapo.

Kugawa siku

Kosa ni kugawa nusu kwa nusu. Kila mahali panadai kitu chake: Jambiani inadai mzunguko kamili wa maji, Mji Mkongwe unadai usiku na asubuhi yake, Bagamoyo inadai alasiri mbili.

Kwa Unguja, siku nne zina usiku tatu. Lala Jambiani mbili na mjini mmoja, kijiji kwanza na mji mwisho. Boti inaondokea mjini. Hutaki kuamka saa 10 usiku kijijini kuiwahi. Ukifika bandarini umechelewa, yaani saa 11 jioni au zaidi, usilazimishe kijiji usiku huo. Lala mjini, ondoka asubuhi, na uugeuze mpango. Siku za maji mafu unaweza kupunguza kijiji hadi usiku mmoja na kuongeza mji, kwa sababu utaoga asubuhi na kuondoka mchana.

Kwa Bagamoyo lala usiku zote mjini, usihamehame. Siku ya kwanza alasiri pumzika na uone mnada. Ya pili misheni na Boma asubuhi, TaSUBa alasiri. Ya tatu Kaole na Mlingotini kutwa, halafu urudi chuoni jioni kama kuna onyesho. Mwenye siku tatu tu asiwaze Unguja kabisa, aende Bagamoyo.

Fedha zinaelekea upande huohuo. Bagamoyo hakuna boti, na mkichangia gari gharama inashuka sana. Unguja ongeza nauli ya boti kwenda na kurudi kwa kila kichwa, na bei za vyumba zilizopangwa kwa wageni. Piga simu, sema unatoka Dodoma, uliza bei ya mkazi.

Majira nayo yana neno. Machi hadi Mei ni masika, kijijini utakaa barazani. Juni hadi Septemba upepo wa kusi huvuma, hewa ni nzuri lakini boti huyumba, na kwa mzee mwenye presha au mtoto anayetapika hilo linatosha kuchagua Bagamoyo. Februari kuna Sauti za Busara Mji Mkongwe, muziki wa Afrika nzima ndani na kandokando ya Ngome Kongwe, vyumba hushikwa mapema. Ramadhani nenda kwa heshima: mchana usile hadharani, lakini futari ya Unguja, ukialikwa, ni bora kuliko chakula chochote utakachonunua. Na wakati wowote, jiandae kwa jasho. Ngozi iliyozoea ukavu wa Dodoma inashangaa sana siku ya kwanza, kwa hiyo usipange matembezi marefu mchana huo.

Zawadi ya kubeba kutoka Dodoma ni zabibu, zikiwa msimu. Zipange kwenye boksi gumu, zisikae chini ya begi. Kwa kurudi kutoka Unguja, kata boti ya asubuhi na treni ya jioni, uache saa nne katikati. Bahari ikichafuka boti huchelewa, na treni haikungoji.